Mchele wa Mfuko wa Pili

Foleni ya buchani ilikuwa na watu saba, na fundi cherehani akawa wa nane. Alipofika alisalimia, kama kawaida yake. Watu saba waligeuka kumtazama, kisha wakazirudia nyama zilizoning'inia kana kwamba ndizo zilizosalimia. Hakulitilia maanani. Siku nane zilikuwa zimepita tangu mumewe atoke mgodini akiwa hai, baada ya siku ishirini na nne chini ya ardhi, na siku hizo nane zote alikuwa na furaha na msiba kifuani kwa pamoja. Hakuwa na nafasi ya kuangalia nani kaitikia salamu na nani hakuitikia.

"Nusu kilo," alisema zamu yake ilipofika. "Unitolee mfupa. Mgonjwa wangu bado hana nguvu za kutafuna."

Muuza nyama aliweka kisu chini. Alikuwa mtu mnene, mpenda utani, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe mwaka juzi. "Fundi," akasema, "kwani nyumbani kwako bado mnanunua nyama?"

"Tuliacha lini?"

"Nauliza tu. Nilidhani bwana ameshakinai."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Mwanamke aliyekuwa pembeni akasema, "Acha bwana, unapata dhambi," lakini mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika.

"Akinai nini?" fundi aliuliza. Alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu utani wa muuza nyama huchelewa kueleweka na watu wamezoea kutabasamu mapema.

Hapo muuza nyama akagundua kwamba fundi hajui. Uso ulimnywea. Alikata nyama upesi, akaifunga kwenye gazeti, na alipopewa pesa akazirudisha. "Nenda tu nayo, dada. Kamuulize mumeo alikuwa anakula nini siku zote zile." Kisha akainama juu ya meza, akanong'ona kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Walifukiwa watatu, wametoka wawili. Na jeneza la wa tatu mliletewa limeshapigiliwa misumari. Mtaa mzima unajua, fundi. Nilidhani na wewe unajua, mnasitiriana tu."

Alifika nusu ya njia kabla hajaona kwamba bado amelibeba lile furushi, na kwamba gazeti limelowa na kumwachia wekundu viganjani.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza. Cherehani ilikaa kibarazani, na juu yake palikuwa na rafu ya vitambaa vya wateja, kila kitambaa kimefungwa utepe na kuchomekwa kikaratasi cha vipimo. Wiki iliyopita rafu ilijaa. Sasa vilibaki vitambaa vinne. Wateja walikuwa wamekuja mmoja mmoja kuchukua vyao, kila mmoja na sababu yake. Huyu harusi imeahirishwa, yule kaona rangi haimfai. Mmoja alisema, "Si kwa ubaya, fundi," na yeye akajiuliza ubaya umetokea wapi. Sasa alijua.

Mama yake alikuwa sebuleni kwenye kigoda, sinia la mchele mapajani, akichambua. "Umekawia."

"Foleni, mama."

"Mtoto wako amerudi shule analia. Eti wenzake hawataki kukaa naye, anawang'ata. Hivi binti yako anang'ata watu siku hizi?"

Fundi alimtazama mumewe. Huyo alikuwa ameketi mlangoni, mahali pake pa siku hizi, mgongo umeegemea mwimo na uso umeelekea nje. Tangu atoke hakukubali kukaa mahali asipoiona njia ya kutokea. Watu walimwita Nyundo kwa sababu ya mkono wake, mkono uliokuwa ukipasua jiwe kwa pigo moja. Sasa shati lake la zamani lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

Saa nane king'ora cha mgodi kililia. Kazi ilikuwa imeanza tena wiki ile katika mashimo mengine. Nyundo, bila kujua anafanya nini, aliinua kidole akagonga mwimo wa mlango: mara nne. Akanyamaza, akasikiliza.

Ilikuwa desturi ya kazi. Zamu inapobadilika king'ora hulia, mitambo yote huzimwa kwa dakika chache, na mtu wa juu huweka sikio kwenye mdomo wa bomba la hewa. Walio chini hugonga namba zao kwenye bomba lile, mmoja baada ya mwingine. Anayegonga yuko hai. Nyundo alikuwa nne. Mdogo wake fundi, yule wa tatu ambaye hakutoka hai, kijana ambaye kila mtu alimwita Kicheko na aliyeingia kazini kwa kushikwa mkono na shemeji yake, alikuwa mbili, kimya kidogo, halafu moja. Mwenyewe alikuwa akisema namba yake inachechemea.

"Mkwe," mama mtu akasema, mikono ikiendelea na mchele. "Hebu niambie tena."

Kila siku aliuliza, na kila siku Nyundo alijibu kwa maneno yale yale. "Siku ya kwanza, mama. Jiwe. Hakusikia chochote."

"Hakusikia chochote," mama alirudia, akashusha pumzi. Maneno yale ndiyo yaliyokuwa yakimpa usingizi. Alimpenda mkwewe kwa ajili yake. Alimwekea chakula cha kwanza, akampulizia chai, akamwita mwanangu. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kumwona mtoto wake, na macho yale yaliyomwona alitaka kuyatunza.

Fundi alipita katikati yao na lile furushi, akaliweka jikoni bila kulifungua. Alikumbuka kwamba kwa siku nane mumewe hakugusa nyama hata kipande. Alisingizia meno.

*

Walikuwa uani, penye ndoo ya maji. Nyundo alikuwa ananawa uso, na fundi alisubiri mpaka macho yake yalipofumbwa kwa sabuni.

"Buchani wanasema umemla mdogo wangu."

Mikono ilisimama usoni. Akayakusanya maji taratibu, akanawa povu lote, akajifuta kwa kanga iliyokuwa kambani. "Nani kasema?"

"Nakwambia wanasema nini, unaniuliza nani?"

"Nauliza kwa sababu tuliojua ni mimi na Mzee Taa, niliyetoka naye. Na mnyapara, aliyesimamia mwili ulipotolewa." Akatazama chini. "Basi ni mnyapara. Aliniapia zahanati pale, mkono kifuani."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ndiyo."

Njia nzima kutoka buchani alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana. Alipanga atambana vipi, atamshika wapi. Kwa mtu wa kusema ndiyo hakuwa amejiandaa. Alitafuta ukuta, akauegemea.

"Nilikukabidhi mdogo wangu," akasema. "Kwenye mlango huu. Nikakwambia, huyu bado mtoto, mwangalie. Ukasema usijali mke wangu, shemeji yangu ni damu yangu."

"Nilisema."

"Ukamfanya kitoweo."

Nyundo alijikunja kidogo, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo na asiyetaka kuonekana amepigwa.

"Na kila siku unakula mikononi mwa mama yangu! Anakupulizia chai! Sema basi. Mlisubiri siku ngapi? Jiwe limemuua siku ya kwanza, nyinyi mkaanza lini, ya pili? Hamkuweza kustahimili hata wiki?"

"Achana na siku."

"Siku ya ngapi?"

"Mke wangu, achana na hizo siku."

"Siku ya ngapi!"

"Ya kumi na nne."

Kazi ya fundi ilikuwa vipimo. Kipimo kisipolingana na kitambaa huwa anakiona kabla hajashika mkasi. "Ya kumi na nne," akasema polepole. "Wewe mwenyewe umenihadithia joto la chini kule. Nguo zinaoza mwilini, chakula cha asubuhi kinachacha kabla ya saa sita. Maiti ya siku ya kwanza, mpaka siku ya kumi na nne, mtu hawezi hata kuisogelea." Alimtazama. "Alikufa lini?"

"Hilo usiniulize."

"Alikufa lini, Nyundo?"

"Niite mla watu." Aliirudisha kanga kambani. "Toka nje uwaite majirani, nitasimama hapa wanitemee mate, halafu nitaondoka na sitarudi. Lakini hilo usiniulize. Nakuomba."

"Mmemuua."

"Hatukumuua!"

"Basi alikufa lini?"

Nyundo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliongea akiyatazama magoti yake. "Ya kumi na mbili."

Haikumchukua fundi muda mrefu kuhesabu. Alihesabu kwa vidole, kama anavyohesabu pindo, na kidole kilipofika cha tisa kikasimama pale pale.

*

Ilikuwa siku ya tisa aliposaini.

Lakini jambo lenyewe lilianza siku ya tatu. Siku ile alikuwa amekaa getini na mke wa Mzee Taa, na king'ora kililia, mitambo ya kuchimbua ikazimwa. Aliposikia ule ukimya aliruka kama kichaa. Alimkimbilia mnyapara. "Mnazima nini? Watu wako chini, nyinyi mnapumzika? Zimeni hicho king'ora! Kinatuua sisi, na kinawaua wao!" Mnyapara, mtu wa ofisini asiyewahi kushuka shimoni hata mara moja, alimtazama kwa huruma ya kweli. Akatoa amri. Mwendesha mtambo peke yake ndiye aliyekuna kichwa: "Bosi, bila king'ora tutaitaje namba?" Mnyapara akamnong'oneza, lakini fundi alisikia: "Utamwita nani?"

Kuanzia hapo mitambo ilinguruma usiku na mchana bila kupumua, na fundi akamshukuru mnyapara kwa kumshika mikono yote miwili. Walipouliza kama bomba linatoa sauti, waliambiwa ni kimya. Kimya gani, na mitambo inanguruma vile? Hakuna aliyeuliza. Hata yeye.

Siku ya tisa waliitwa kwenye kibanda cha mkutano. Mnyapara alikuwa na karatasi. Kuendelea kuchimba ni hatari, alisema, na kazi ya mashimo yote imesimama kwa ajili ya watatu ambao, tuseme ukweli, wameshatutoka. Mke wa Mzee Taa alisaini akilia. Akabaki fundi, na majina mawili. Nje ya kibanda walijaa watu, waume kwa wake, wiki nzima hawana kazi. Hawakumtukana. Walimbembeleza. Mmoja wao alikuwa mnene, mwenye aproni. "Fundi," alisema kwa upole, "na sisi tuna watoto. Watu wasipofanya kazi hawanunui. Wewe saini tu, dada. Wale wamepumzika."

Alikuwa hajalala siku tisa. Alisaini mara mbili. Kwa kila jina, mgodi ulitoa mfuko mmoja wa mchele. Kwa hiyo alirudi nyumbani na mifuko miwili, akamwambia mama yake kwamba ni msaada, na kwamba bado wanachimba.

*

"Siku ya tisa," alisema pale uani, "siku ya tisa mlikuwa mnafanya nini?"

Nyundo alitikisa kichwa.

"Niambie."

"Mwanzoni tulikuwa tunagonga ovyo, saa zote. Mzee Taa akatukataza. Akasema mitambo inanguruma, mnamaliza nguvu bure, subirini king'ora, ndipo mtu huweka sikio. Tukasubiri king'ora. Hakikulia. Siku nenda siku rudi hakikulia, tukajua labda kimeharibika." Aliyashika magoti. "Halafu siku moja mitambo ikazima yenyewe. Kimya kabisa. Kicheko akaruka, miguu yenyewe haimbebi, akaniambia, 'Shemeji! Wamezima watusikilize!' Tukagonga. Mimi nne, Mzee Taa tano, yeye mbili na moja. Aligonga kwa jiwe mpaka kucha zikamtoka. Anagonga anacheka. Anasema dada yuko pale juu, namjua, amewanyang'anya bomba ameweka sikio lake mwenyewe."

Fundi alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Tuligonga mpaka tukachoka. Hakuna aliyejibu. Yeye akagonga siku mbili zaidi. Baadaye akaacha, akalala ubavu. Siku ya kumi na mbili."

"Hapakuwa na mtu kwenye bomba," fundi alisema. "Sote tulikuwa kibandani."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Mnyapara alinionyesha karatasi zahanati, siku ya pili baada ya kutoka. Nadhani alitaka nijue kwamba nikisema lake, naye atasema letu. Niliiona sahihi yako. Ile herufi unayoizungusha mkia. Mara mbili." Hapo akamtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza. "Ulinizika, mke wangu. Nimekaa kule nalamba ukuta kwa maji, natafuna mkanda wa suruali, najiambia kuna mtu mmoja duniani hatakubali. Nilikuchukia siku mbili nzima. Nilikuwa nakutazama unavyoninawisha miguu, nakuchukia. Halafu nikaona huwezi kuishi ukijua siku zenyewe. Nikaona bora yeye afe siku ya kwanza."

Hakuna aliyesikia mlango wa jikoni ukifunguka. Mama mtu alikuwa amesimama pale na sinia lake la mchele, na kwa jinsi alivyolishika ilionekana amesimama kitambo.

"Mkwe," akasema.

Nyundo alisimama wima, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Alikuwa ameshakufa?"

"Alikuwa amekufa, mama. Mzee Taa ndiye aliyemfumba macho. Tulimkalia siku mbili, hatukumgusa. Siku ya pili Mzee Taa akaniambia, ule ukuta wa shimo la zamani, tunapoweza kutokea, hauko mbali, lakini kwa mikono hii hatufiki. Akanitazama. Na mimi nikamtazama. Hatukusema kitu kingine." Akaficha mikono nyuma. "Watu wanauliza kama mtu wa kawaida anaweza. Mama, mimi nilikuwa nani? Nilikuwa mtu wa kawaida kabisa. Nilidhani ningejihisi nimegeuka kitu kingine. Sikugeuka. Nilikuwa yule yule, nalia, natafuna, halafu nachimba."

"Alisema nini mwishoni?"

"Mama…"

"Nimekuuliza."

"Alitania. Alisema, 'Shemeji, nikitangulia, miguu msiiguse, ina fangasi. Mtakufa kwa sumu.' Tukacheka wote watatu. Sijui kama alimaanisha. Kila siku najiuliza kama ile ilikuwa ruhusa au utani tu."

Kitu kilimtoka mama kooni, nusu kicheko na nusu kingine kisicho na jina. "Ni yeye huyo," akasema. "Ni yeye kabisa. Toka mdogo hakupenda kunawa miguu." Machozi yalimdondoka juu ya mchele. Aliyatazama yakilowesha punje, na mkono wake ukaacha kuchambua.

"Mchele huu," akasema, sasa akimgeukia binti yake. "Ndio ule wa karatasi?"

"Mama, nilikuwa nimechoka. Walinizunguka. Wote walisema…"

"Ndio huu?"

"Ndio."

"Mfuko wa ngapi tunakula?"

Fundi aliutazama mchele uliolowa. Wa kwanza ulikuwa umekwisha tangu juzi.

Mama aliliweka sinia chini kwa uangalifu mkubwa, bila kumwaga hata punje. "Huyu alikula kwa sababu ya njaa," akasema. "Wewe, mwanangu, ulikuwa na njaa gani?"

Aliingia chumbani mwake, akafunga mlango.

*

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, fundi alirudi buchani na lile furushi. Foleni ilikuwa ya watu watatu. Hakupanga foleni. Aliliweka juu ya meza, gazeti limeshakauka na kugandamana.

"Sikukulipa," akasema, "kwa hiyo nakurudishia."

"Dada, mimi nilikuwa natania tu…"

"Hukutania. Uliniambia nikamuulize, nimemuuliza. Ni kweli. Mume wangu amemla mdogo wangu." Mtu mmoja alivuta pumzi. Fundi hakugeuka. "Alikufa siku ya kumi na mbili. Sasa na mimi nakuuliza wewe, na hawa wawili niliowaona pale. Siku ya tisa, nje ya kibanda, uliniambia nini?"

Muuza nyama alitazama kisu chake. Nzi mmoja alitua kwenye furushi, akatembea, akaruka.

"Uliniambia na nyinyi mna watoto," fundi akasema. "Nami nikakusikiliza. Kwa hiyo usinicheke peke yangu."

Aliondoka huku amejikaza. Getini kwa mgodi zamu ilikuwa inatoka, na wanawake walikuwa wanasubiri na vikapu. Alisimama katikati yao, mtu ambaye wiki nzima walikuwa wakimkwepa, akawaambia jambo moja tu: siku ajali ikitokea, msikubali king'ora kizimwe. Hata mkiona kinawatesa. Zimeni mitambo, mpige king'ora, muweke sikio. Baadhi waligeuza nyuso. Mmoja, ambaye mumewe ndiyo kwanza ameanza kazi, aliuliza kwa sauti ndogo, "Tusikilize kwa muda gani?" na fundi akamjibu kwamba hajui, lakini si dakika moja.

*

Nyundo hakuondoka. Hakuambiwa aondoke, wala hakuambiwa akae. Mama alimwekea chakula siku ya pili kama kawaida, mihogo ya jirani, na hakumpulizia chai, lakini aliiweka mahali mkono wake unafika. Kwa binti yake hakuweka wala hakusema. Akitaka kupita alisubiri njia iwe wazi. Mfuko wa pili alikuwa ameufunga mdomo kwa kamba, akausimamisha kwenye kona ya sebule, na hakuna aliyethubutu kuuhamisha. Binti yao ndiye aliyeuliza kwa nini hatuli tena wali, akajibiwa na bibi yake, "Ule una mwenyewe."

Fundi na mumewe walilala kitanda kimoja, kila mtu ukingoni mwake. Kuna wakati fundi aliamka akamwona mumewe amekaa anaitazama mikono yake, akataka kumgusa, akakumbuka kila kitu mara moja: alichokifanya yeye, alichokifanya mwenziwe. Mkono ukabaki hewani, kisha ukarudi chini ya shuka. Hakujua kama ni yeye asiyeweza kumsamehe au ndiye asiyeweza kusamehewa.

Siku ya tatu, mama alizungumza kupitia mlangoni, lakini si na binti yake. "Mkwe. Namba ya mwanangu ilikuwa ngapi?"

"Mbili, mama. Kimya kidogo. Halafu moja."

"Kimya kiasi gani?"

Nyundo alimgongea kwenye mwimo.

Kesho yake fundi alikuwa kibarazani na kazi pekee iliyobaki, sare ya shule ya mtoto wa yule mwanamke wa getini, aliyekuja asubuhi kuileta bila maneno mengi. Gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka, sindano inakimbia pindoni, na kelele yake ilijaza kibaraza chote. Saa nane, king'ora kikalia.

Alilishika gurudumu kwa kiganja, likasimama. Nyumba ikawa kimya.

Mlangoni Nyundo aligonga nne.

Kisha, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, mkono mzee ukagonga ukuta. Mbili. Kimya kidogo. Moja.

Fundi alinyanyua mkono wake juu ya meza ya cherehani. Walikuwa wakisikiliza wote wawili, alijua, mmoja mlangoni na mmoja nyuma ya ukuta. Walikuwa wanasubiri kusikia kama kuna mwingine aliye hai humu ndani. Vidole vilikaa hewani. Yeye hakuwahi kushuka shimoni, hakuna aliyewahi kumpa namba, na hakujua agonge ngapi.

Hakurudi kushona. Aliliacha gurudumu kimya, akainama, akaweka sikio lake kwenye ubao wa meza.